Mafuta ya Moteri: Tusome Bidoni Wenyewe

Vikundi viwili vya hapa bondeni vimetuuliza namna tunavyochagua mafuta ya moteri kwa gari letu la mazutu. Tunawajibu wote kwa ukurasa huu, kwani jambo hili linagusa kisanduku cha kila kikundi chenye gari, hata chenye mashini ya kusaga. Kimoja cha vikundi hivyo kimepoteza moteri juzi. Hatutaji jina lake wala jina la aliyewauzia. Gari lilikwama likiwa limebeba mihogo mikavu ya wajane wanne na mpunga wa wengine, na fundi alipofungua chini ya moteri alikuta vyuma vimekulana na mafuta yamekuwa mepesi kama maji ya kunawa. Yalikuwa mafuta ya kupimwa kwa chupa kutoka pipa lisilo na jina. Pesa ya kununua moteri nyingine ya okazioni imetoka kwenye AVEC, pesa ile ile waliyokuwa wagawane mwezi wa tisa watoto wakirudi shuleni. Kwa hiyo mtu asituambie tena kwamba mafuta ya moteri ni mambo ya wanaume. Waliolipa ni wamama.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Hapa Kamanyola mtu akisema mafuta anaweza kuwa anasema mawese, mazutu, au ya kupaka mtoto. Mazutu ndiyo chakula cha moteri: yanaungua na kwisha. Mafuta ya moteri, ambayo wengine wanayaita oili, hayaliwi. Yanazunguka ndani kati ya chuma na chuma, yanashuka chini, yanasukumwa juu tena, na kazi yao ni kulainisha, kupoza na kuosha. Gari likikosa mazutu linasimama, unanunua, linaondoka. Likikosa mafuta ya moteri linasimama na huenda lisiondoke tena.

Gari letu ni Hiace kuukuu yenye moteri ambayo Toyota inaiita 3L. Jina hilo limewahi kutuletea ubishi kwenye mkutano, basi tulieleze. 3L ni jina la moteri tu. Si lita tatu za mafuta, na hata ukubwa wake si lita tatu kamili, ni sentimita za ujazo 2,779. Mafuta yanayoingia ni karibu lita 6 pamoja na filtre. Mtu akikuambia lita tatu zinatosha kwa sababu imeandikwa 3L, mshukuru, halafu utafute fundi mwingine.

Gari hilo halipumziki. Juma moja linashuka Uvira, kilomita kama 80 za bonde kupitia Luvungi na Sange, jua kali na vumbi jingi wakati wa kiangazi. Juma lingine linapanda Bukavu kwa njia ya Ngomo. Aliyepita Ngomo hahitaji kuelezwa, na ambaye hajapita tumwambie tu kwamba barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, bonde liko chini ya dirisha, na gari lililobeba mzigo linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Wengine wanaikwepa kwa kupita Rwanda, kutoka Bugarama hadi Rusizi, lakini huko nako kuna mpaka mara mbili na gharama zake. Katika mpando kama ule moteri inafanya kazi kubwa kuliko zote huku upepo wa kuipoza ukiwa mdogo kuliko wakati wowote. Maji ya radieta yanasaidia, lakini kuna sehemu za ndani ambazo maji hayafiki. Huko yanafika mafuta peke yake.

Sasa, kwa nini moteri ya mazutu inataka mafuta yake, tofauti na ya esansi? Moteri ya esansi inawashwa na cheche ya buji. Ya mazutu haingojei cheche: inabana hewa mpaka hewa inakuwa moto sana, ndipo mazutu yanapulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Aliyeibuni ni Mjerumani Rudolf Diesel, na moteri yake iliyofanya kazi vizuri ilionyeshwa mwaka 1897. Wamama wakulima watafurahi kusikia kwamba kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, moteri ndogo ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. (Tafadhali, karanga zenu ziwekeeni watoto.)

Kuwaka kwa namna hiyo kunaacha masizi. Sisi tunaopika kwa kuni tunayajua masizi kuliko fundi yeyote: ukiyaacha juu ya sufuria siku tatu, siku ya nne unahitaji mchanga na nguvu za mkono. Ndani ya moteri hakuna mkono wa kusugua. Masizi yakitulia yanakuwa tope, na tope linaziba vijitundu ambavyo mafuta yanapita. Ndiyo sababu mafuta ya moteri ya mazutu yanatiwa dawa nyingi za kuosha, zinazofanya kazi kama sabuni: zinayashika masizi na kuyafanya yaelee, yasigande mahali, hadi siku ya kumwaga. Tena mazutu yana salfa, na salfa ikiungua inazaa asidi inayokula chuma. Mafuta mazuri yana ndani yake kitu cha kuua asidi hiyo, kama maji ya majivu yanavyovunja ukali. Mazutu ya kituo kizuri yanaweza kuwa na salfa kidogo. Ya kwenye chupa za akina Kadhafi kando ya barabara, hata muuzaji hajui. Kwa hiyo kwa mazutu ya huku kwetu tunahitaji mafuta yenye dawa za kutosha.

Masizi hayo yanatuleta kwenye jambo ambalo limewalia wamama pesa nyingi. Mnamwaga mafuta ya zamani, mnatia mapya yenye rangi ya asali, na siku chache baadaye fundi anachomoa kijiti, anawaonyesha mafuta meusi, anatikisa kichwa kama anayetangaza msiba. "Mama, haya yamekufa, tubadilishe." Hayakufa. Mkifua nguo za mtoto aliyetoka kucheza kwenye tope, maji yakibaki meupe mtaisifu sabuni? Mafuta ya mazutu yanakuwa meusi haraka kwa sababu yanafanya kazi. Weusi peke yake haumwagishi mafuta. Sisi tunahesabu kilomita: kwa gari kuukuu kama letu, lenye mizigo na vumbi, tunamwaga kwenye kilomita 5,000 na filtre inabadilishwa siku hiyo hiyo. Kuna daftari chini ya kiti cha mbele, mweka hazina anaandika tarehe na kilomita, na shofere wetu, ambaye ni kijana mwenye heshima, anatia sahihi.

Kinachotutisha kwenye kijiti ni mambo mengine. Mafuta yakiwa kama chai ya maziwa, maji ya radieta yameingia ndani, gari lisiwashwe tena mpaka fundi aone. Yakiwa yameongezeka bila mtu kuongeza, na yananuka mazutu, basi mazutu yanavuja kuyaingia na kuyafanya mepesi. Yakipungua sana kila juma, yanavuja nje au yanaungua, na moshi wa buluu nyuma ya gari utawaambia. Kijiti kinapimwa asubuhi, gari likiwa limesimama mahali pa usawa na moteri imelala, si baada ya kuteremka Ngomo. Hata mama asiyejua kusoma anaweza kufanya kazi hiyo: alama mbili, mafuta yawe katikati yake, karibu na ile ya juu. Kwetu anayepima ni mama mwenye umri mkubwa kuliko sote, hajawahi kushika usukani, na hakuna siku amesahau.

Tuje kwenye bidoni yenyewe. Mbele kuna picha ya gari la mashindano au simba, na maneno makubwa ya kujisifu. Yaacheni. Tafuteni mahali palipoandikwa SAE na palipoandikwa API. Bidoni inaweza kuwa na Kifaransa, Kiingereza au Kiarabu, lakini herufi hizo hazibadiliki.

SAE ni uzito wa mafuta. Kwenye gari letu tunatia 15W-40. Mnaouza mawese mtaelewa upesi. Mawese yale yale yaliyokuwa maji hapa Kamanyola saa sita mchana, mkiyafikisha Bukavu na yakalala usiku mmoja, asubuhi yameganda. Mafuta ya moteri nayo yanabadilika hivyo, yanakuwa mazito kwenye baridi na mepesi kwenye joto. Namba ya kwanza, iliyo pamoja na W, inasema yanavyojimudu kwenye baridi. Herufi hiyo imetoka kwenye neno la Kiingereza la majira ya baridi kali. Namba ya pili inasema yanabaki na uzito gani moteri ikishapata moto, yakipimwa kwenye nyuzi 100. Mafuta ya 15W yanaruhusu moteri kuwashwa hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Bukavu haijawahi kutuonyesha hivyo. Kwa hiyo mtu akiwatoza pesa zaidi kwa sababu bidoni imeandikwa 0W au 5W, mnanunua baridi ya Ulaya ambayo hamtaitumia. Kwetu namba inayobeba mzigo ni ile ya pili. 30 ni mepesi, 40 ni ya kati, 50 ni mazito zaidi. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua, na kwa moteri nyingi kuukuu za mazutu katika nchi za joto 15W-40 ni chaguo la kawaida. Angalizo moja: mkiona 80W-90, hayo ni mafuta ya gia. Namba kubwa haimaanishi kwamba ni mafuta ya moteri yenye nguvu zaidi. Yasiingie kwenye moteri kabisa.

API ni taasisi ya petroli ya Marekani, na herufi zake ndizo zinazosema mafuta ni ya moteri gani. Herufi S ni ya esansi. Herufi C ni ya mazutu. Inayofuata C inapanda kadiri miaka inavyokwenda: CF-4 ilitoka mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002. Bidoni nyingi zina zote mbili, kwa mfano CI-4/SL au SL/CF. Ya kwanza imetengenezwa hasa kwa mazutu na inaweza kusaidia esansi. Ya pili ni kinyume chake. Bidoni yenye S peke yake, hata ikiwa na bei kubwa na rangi ya dhahabu, si ya gari letu.

Sisi tunanunua CI-4. Ikikosekana tunachukua CH-4. Kuna mapya zaidi, CJ-4 na CK-4, na mtu anaweza kufikiri mapya ndiyo bora. Hayo yalitengenezwa kwa magari ya siku hizi yenye chujio kwenye ekzosi na yanayokunywa mazutu yenye salfa kidogo sana, na yanapokutana na mazutu yenye salfa nyingi muda wa kuyamwaga unaweza kufupika. Kwa Hiace yetu hatuoni sababu ya kuyalipia. Lakini mwenye gari jipya lenye chujio hilo asitufuate sisi, afuate kitabu chake, kwani mafuta ya kwetu yanaweza kuliziba.

Haya hatukuyafikia kwa upole. Mwezi wa pili tulikaa mkutano mrefu. Dada mmoja alitaka mafuta ya pipa, kwa kuwa ni nafuu na jirani yake anayatumia. Mwingine, ambaye mtoto wake yuko ng'ambo, alitaka yale ya bei ya juu kuliko yote, 5W-30 ya esansi, akisema kitu cha bei hakidanganyi. Mama mweka hazina akatandika daftari mezani. Kati ya mafuta ya pipa na 15W-40 ya CI-4 yenye muhuri, tofauti kwa lita zote 6 ilikuwa dola 8. Sisi ni wanachama 23. Akagawanya mbele yetu: kila mmoja analipa chini ya nusu dola, tena si kila juma, ni kila kilomita 5,000. Yule dada wa pipa akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: tutajuaje kwamba hata hiyo ya bidoni si ya pipa iliyotiwa ndani?

Ni kweli, kuna watu wanaookota bidoni tupu, wanatia mafuta yaliyotumika wakiisha kuyachuja, wanafunga na kuuza. Dawa kamili hatuna. Tunaangalia pete ya kifuniko kama haijakatika, karatasi ya ndani kama imeshikamana, namba za kiwanda kama zimechapwa kwenye bidoni na hazifutiki kwa kidole. Tunanunua duka moja ambalo tunajua litafunguliwa kesho mahali pale pale, na tunaomba risiti hata muuzaji akikunja uso. Nasi hatutoi silaha kwa wadanganyifu: bidoni ikishaisha tunaitoboa na kuikata kifuniko mbele ya shofere.

Kuikata kuna sababu nyingine ambayo kila mama ataielewa. Bidoni hizo ni ngumu na nzuri, na macho yetu yanaziona kama za kuchotea maji. Msichotee. Mabaki ya dawa yale hayatoki kwa majivu wala kwa maji ya moto. Wala zisitiwe mawese ya kupeleka sokoni.

Mafuta yaliyomwagwa ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yamekusanya masizi na chembe za chuma, na yana vitu vinavyoweza kuleta kansa. Tumeona watu wakiyapaka vidonda vya mbuzi, hata vya watoto, na wengine wakiyamwaga kwenye mfereji unaopeleka maji kwenye mipunga. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema mafuta ya kubadilisha mara moja kwenye gari moja yanaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, yaani karibu lita milioni 4. Mfereji wetu unakwenda kwenye Ruzizi, na Ruzizi inakwenda ziwani, ambako wenzetu wa Uvira wanavua ndagala tunazokula hapa. Kwetu tunayarudisha kwenye chombo kilichofungwa na kumpelekea seremala anayepaka nguzo za mbao zisiliwe na mchwa, mbali na kisima, mbali na watoto. Si njia kamili, lakini ni afadhali kuliko mfereji. Na chombo hicho, pamoja na mazutu ya akiba, hakikai nyumbani karibu na jiko wala taa. Sisi wa bonde hili tunakumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010, gari la kubeba esansi lilipopinduka na kuwaka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Baadhi yao walikuwa wametoka kuchota au kutazama tu.

Vikundi vyenye mashini ya kusaga au ya kukoboa vimetuuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu, kwa kuwa mashini nyingi za hapa zinatumia mazutu, ila msinunue 15W-40 kwa sababu sisi tunainunua. Moteri ndogo zenye silinda moja nyingi zina kibati cha chuma kilichoandikwa mafuta yanayotakiwa, na nyingine zinataka SAE 30 au SAE 40 yenye namba moja tu. Kibati hicho mara nyingi kiko chini ya unga na grisi. Chukueni kitambaa chenye mazutu kidogo, mkifute polepole. Tena mashini haina kilomita, inahesabiwa kwa saa, kwa hiyo daftari lenu liandike saa ya kuwasha na saa ya kuzima kila siku. Jumamosi tutakuwa sokoni upande wa wauza unga tangu saa tatu asubuhi. Mwenye bidoni asiyoielewa aje nayo, na mwenye kibati kisichosomeka achukue picha kwa simu ya mtoto wake.